Kamati ya parokia si kiti cha wazee pekee: Kwa nini vijana wa Turkana waidai nafasi yao sasa

Ukifika Lopur na kuuliza nani ana usemi mtaani, utatajiwa chifu na MCA. Ni sawa. Lakini kuna watu wengine ambao picha zao hazijawahi kubandikwa kwenye mabango ya kampeni: mwenyekiti wa kigango, katekista, katibu wa jumuiya, mama anayeshika daftari la michango. Hao ndio wanaojua nani amefiwa, nyumba gani haijawasha moto tangu jana, na mtoto wa nani amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Msaada ukipitia kanisani, mara nyingi wao ndio huulizwa nani aandikwe kwanza.

Lopur ni mojawapo ya wadi saba za Turkana Magharibi, jirani na Kakuma. Huku kamati ya kanisa si kikundi cha kupanga viti na kununua maua ya altare tu. Ni sehemu ambapo maamuzi hufanywa, na pesa hupita.

Sasa hesabu: ni vijana wangapi unaowajua walio kwenye kamati hizo? Simaanishi kwaya. Simaanishi wale wanaoitwa kubeba spika na kupiga picha za Facebook siku ya kipaimara. Namaanisha wanaokaa mezani hesabu zinapofunguliwa.

Swali hili limekuwa zito kwa sababu mambo mawili yametokea karibu kwa wakati mmoja. Msaada wa kutoka nje umepungua vibaya, na vijana wa Kenya wameanza kuuliza pesa za kanisa zinatoka wapi na zinaenda wapi. Yote mawili yanaishia kwenye meza moja, ile ya kamati.

Kanisa lililokuja na chakula

Ili uelewe uzito wa parokia Turkana, lazima ujue lilivyofika. Serikali ya mkoloni ilikuwa imelifunga eneo hili, na wamisionari hawakuruhusiwa kuingia wapendavyo. Mlango ulifunguka wakati wa ukame na njaa ya mwaka wa 1961, mapadre wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Kiltegan, Ireland, walipokuja kusaidia kulisha watu. Mwaka uliofuata wakaja watawa wa Medical Missionaries of Mary na kuanza kazi ya matibabu.

Kwa hivyo Mturkana wa kawaida hakukutana kwanza na mahubiri. Alikutana na unga, dawa, kisima na darasa. Lodwar ikawa jimbo kamili mwaka wa 1978, na askofu wa kwanza akawa John Mahon, Mwairishi. Aliyemfuata, Patrick Harrington, alikuwa Mwairishi pia. Ni mwaka wa 2011 tu ndipo jimbo lilipoongozwa na Mkenya, Askofu Dominic Kimengich, na tangu 2022 linaongozwa na Askofu John Mbinda.

Mabadiliko hayo si ya majina tu. Miaka mingi parokia ya Turkana ilikuwa na paroko mgeni mwenye marafiki Ulaya. Gari likiharibika, barua iliandikwa na pesa zikaja. Kamati ya waumini ilikuwepo, lakini haikuwa na mzigo mkubwa, kwa sababu pesa kubwa hazikutoka kwao. Na mtu asiyetoa pesa huona haya kuuliza zimetumikaje.

Leo mapadre wengi ni Wakenya, baadhi yao wazaliwa wa papa hapa. Marafiki wa Ulaya wamezeeka, na makanisa yao yenyewe yana viti vitupu. Parokia inaambiwa ijitegemee. Kujitegemea maana yake ni zaka, mavuno, harambee na mbuzi wa mnada baada ya misa. Pesa sasa ni za wenyeji. Na pesa zikiwa za wenyeji, maswali nayo huwa ya wenyeji.

Msaada ukikatwa, orodha huuma

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata karibu miaka 25 baadaye. Kwa pamoja zina watu wapatao 300,000. Ndani ya kambi kuna Parokia ya Msalaba Mtakatifu, inayohudumiwa na mapadre Wasalesiani wa Don Bosco, ambako Wakongo, Wasudani Kusini, Warundi na wengine husali pamoja. Nje ya kambi kuna vigango vya Waturkana, na Hospitali ya Misheni ya Kakuma iliyo chini ya Jimbo la Lodwar.

Mapema mwaka wa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mshtuko ulifika Kakuma moja kwa moja. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao hadi asilimia 28 ya kiwango kamili. Wakimbizi waliandamana Machi, wakaandamana tena Julai. Agosti mfumo mpya ukaanza: kaya zikagawanywa katika makundi manne kulingana na uhitaji, na kundi la nne likaachwa bila mgao wa chakula.

Wewe uliye Nairobi au Mombasa unaweza kudhani hilo ni tatizo la wakimbizi peke yao. Sivyo mambo yalivyo huku. Kwa miaka mingi kina mama wa Kituruka wamekuwa wakipeleka kuni na makaa kambini na kurudi na mahindi, maharagwe au mafuta. Mgao wa mkimbizi ulikuwa unalisha pia boma la mwenyeji. Mkimbizi akikosa, hana cha kubadilishana, na mama wa Lopur anarudi nyumbani na kuni zake kichwani.

Wenye njaa wakiongezeka na chakula kikipungua, kazi ngumu kuliko zote ni kuandika orodha. Tuseme parokia imepata magunia 20 kutoka kwa mfadhili. Jumuiya ziko tano. Jumuiya ndogo ipate sawa na kubwa? Mjane mwenye mbuzi wachache aandikwe kabla ya kijana mlemavu asiye na mbuzi hata mmoja? Mluteri jirani apate? Mkimbizi anayesali hapa apate, au anahesabika na UNHCR?

Maswali hayo hayajibiwi Lodwar wala Roma. Yanajibiwa chini ya mti, na watu sita au saba waliochaguliwa, au waliojichagua. Orodha ikiandikwa kwa haki, watu hulala njaa lakini wakiwa wamoja. Ikiandikwa kwa ujanja, binamu wa mwenyekiti akionekana mara mbili, uhasama huanza ambao hakuna mahubiri yatakayoumaliza. Hapo ndipo utaona kwamba kamati si mambo ya uzee. Ni suala la nani atakula.

Kutoka Soweto hadi vigangoni

Jambo la pili lilianzia mbali na Turkana. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, hasira yao haikuishia bungeni. Waliyageukia makanisa pia na kuuliza kwa nini wanasiasa wanapewa mimbari ili wamwage pesa mbele ya altare. Julai mwaka huo huo Rais William Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki harambee.

Miezi minne baadaye, Novemba 17, 2024, Rais akafika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na kutoa Sh600,000 kwa kwaya na kikundi cha watoto, na Sh2 milioni za nyumba ya mapadre. Akaahidi Sh3 milioni nyingine na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akasema pesa zirudishwe, na zile zilizoahidiwa hazitapokelewa. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wametoa taarifa kali kuhusu uongo na ufisadi serikalini.

Vijana wengi walishangilia mtandaoni, na walikuwa na haki. Lakini angalia jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Askofu alirudisha pesa zikiwa tayari zimetangazwa. Katika parokia nyingine yoyote, mtu wa kwanza kusema "hapana, asante" angepaswa kuwa mjumbe wa kamati ya fedha, siku ile msaidizi wa mwanasiasa anapopiga simu kuuliza kama mheshimiwa anaweza kupita Jumapili.

Huko vigangoni simu hiyo hupigwa pia. Aspiranti wa udiwani hana mamilioni, lakini ana mabati 30 au mashine ya kupaza sauti. Hakuna kamera ya televisheni, na hakuna askofu mkuu wa kuandika barua kesho yake. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina pekee. Kama watatu hao wanaona mabati ni baraka na basi, mambo yamekwisha. Kwa hivyo ukidai makanisa yasinunuliwe, jua kwamba mlango unaofaa kulindwa ni ule mdogo.

Sheria yenyewe iko upande wako

Kijana akiuliza kuhusu hesabu kanisani huweza kuambiwa kwamba anakosa heshima, au analeta siasa nyumbani mwa Mungu. Jibu lake limo ndani ya sheria ya Kanisa yenyewe, ile Sheria Kanuni ya mwaka wa 1983.

Kanuni ya 537 inasema kila parokia lazima iwe na baraza la fedha. Neno ni lazima. Si paroko akipenda. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa kusudi fulani itumike kwa kusudi hilo tu. Kama mlichanga za kisima, haziwezi kuwa za rangi ya ukuta. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waumini hesabu ya mali ambayo waumini hao wametoa. Na kanuni ya 212 inasema waumini wana haki, na wakati mwingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji wao maoni yao kwa heshima.

Tusidanganyane, kuna upande wa pili. Kanuni ya 536 inasema baraza la kichungaji la parokia lina sauti ya ushauri tu. Paroko ndiye anayeamua. Kanisa si bunge, na mwenyekiti wa baraza hawezi kumpigia padre kura ya kutokuwa na imani. Wako vijana wanaosema kwa sababu hiyo kwamba kamati ni kupoteza muda: mnakaa saa tatu, mnakubaliana, halafu paroko anafanya alichotaka tangu mwanzo.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimalizi mambo. Paroko huhamishwa. Akikaa miaka mitano au sita, anaondoka. Kamati, daftari na akaunti vinabaki. Padre mpya akikuta kumbukumbu za mikutano zimeandikwa vizuri, hesabu zimesomwa mbele ya watu kila robo mwaka na risiti zimo kwenye faili, atafikiri mara mbili kabla ya kuvunja desturi hiyo. Akikuta daftari limeliwa na mchwa, atafanya apendavyo, na hamtakuwa na pa kusimamia. Ushauri ulioandikwa na kusainiwa una nguvu kuliko manung'uniko ya nje ya geti.

Tena upepo umegeuka. Hati ya mwisho ya Sinodi, iliyopitishwa Oktoba 2024 na kukubaliwa na Papa Fransisko, inataka mabaraza haya yafanye kazi kikweli, na inasema uwazi na uwajibikaji ni sehemu ya maisha ya Kanisa katika ngazi zote. Kwetu Afrika Mashariki wazo hilo si geni. Maaskofu wa AMECEA waliamua tangu miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani majirani wanaokutana nyumbani kwa mtu, wanasoma Injili, halafu wanauliza: wiki hii nani mgonjwa, nani ana shida? Kutoka jumuiya unachaguliwa kwenda kigango, kutoka kigango kwenda parokia. Ngazi ipo. Tatizo ni nani anaipanda.

Kwa nini vijana hawapo mezani

Tuwe wakweli, lawama si za wazee peke yao.

Kwanza, kuna mila. Maamuzi makubwa ya Waturkana yamekuwa yakifanywa na wanaume wazima chini ya mti wao, na kijana husikiliza. Mazoea hayo yameingia hadi kwenye benchi la kanisa. Mwanamke na kijana huombwa kufanya kazi; kuamua ni jambo lingine.

Pili, kuna maisha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Kakuma anatafuta kazi kambini, anaendesha bodaboda, au ameenda Lodwar na Kitale kutafuta riziki. Mkutano wa kamati hauna posho. Miaka mingi ya miradi ya mashirika imetuzoesha kwamba ukikaa kwenye semina, unalipwa nauli na soda. Kazi ya kujitolea inaonekana ya watu wasio na la kufanya.

Tatu, kuna kiburi chetu wenyewe. Ni rahisi kuandika uzi mrefu kwenye X kuhusu Sh2 milioni za Soweto. Ni vigumu kukaa Jumamosi mchana kwenye joto la Kakuma ukihesabu sarafu za misa mbili, ukisikiliza mzee akirudia jambo moja mara nne. Lakini uwajibikaji ndio huo. Hauna like.

Anayeshika kalamu

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho kijana wa Lopur anacho, na wazee wengi wa kigango hawana: shule. Katika maeneo ambako watu wazima wengi hawakupata nafasi ya kusoma, anayeweza kuandika kumbukumbu, kusoma barua ya dayosisi na kufuatilia taarifa ya M-Pesa ni mtoto wa juzi. Ndiyo maana kiti cha katibu ni mlango ulio wazi kuliko vyote. Usiudharau. Mwenyekiti husema, lakini kinachobaki ni kile katibu alichoandika.

Na ujuzi huo hauishii kanisani. Hesabu kamati ambazo maisha ya Turkana yanazitegemea: kamati ya maji inayosimamia kisima, bodi ya shule, kamati ya basari, kamati ya amani inayokutana mifugo inapoibwa. Kisha ongeza Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na serikali Machi 2025 ili kambi za wakimbizi zigeuzwe kuwa makazi ya pamoja na wenyeji. Mpango huo utahitaji vikao vingi, na waliozoea kukaa meza moja na Mkongo na Msudani Kusini kwenye baraza la parokia watakuwa wamepiga hatua kabla ya wengine.

Halafu kuna mafuta. Visima viko Lokichar, Turkana Kusini, mbali na Lopur, lakini somo ni la kaunti nzima. Sheria ya Petroli ya mwaka wa 2019 inaipa jamii ya eneo husika asilimia 5 ya mgao wa serikali, mbali na asilimia 20 ya kaunti. Asilimia hiyo 5 haitagawanywa kwa bahasha nyumba kwa nyumba. Itasimamiwa na wadhamini. Kwa lugha ya mtaani, hiyo ni kamati. Kama hatukujifunza kuuliza risiti ya Sh4,000 za sadaka, tutaulizaje za mamilioni?

Pa kuanzia

Huhitaji hashtag. Jumapili hii, baada ya misa, uliza mambo matano kwa upole, ukianza na "Shikamoo" au "Tumsifu Yesu Kristo": Je, parokia yetu ina baraza la fedha, na wajumbe wake ni nani? Hesabu zilisomwa lini mara ya mwisho mbele ya waumini? Nambari ya M-Pesa ya michango imesajiliwa kwa jina la nani, la parokia au la mtu? Msaada ukija, orodha huandikwa na nani, na hubandikwa wapi? Uchaguzi wa viongozi wa jumuiya ni lini?

Ukijibiwa vizuri, una parokia nzuri, jiunge uibebe. Ukijibiwa kwa ukali, umejua kazi iko wapi. Usiende peke yako. Nenda na wenzako wawili, mmoja awe msichana, na mmoja wenu akubali kuwa katibu. Kubali pia jambo ambalo vijana hawalipendi: nyinyi nanyi mtahesabiwa. Daftari likiwa mikononi mwenu na Sh200 zikikosekana, hamtaulizwa mnamaanisha nini na Gen Z. Mtaulizwa ziko wapi.

Mwaka wa 1961 njaa ilileta kanisa Turkana kwa gari la misaada, na wenyeji walikaa upande wa kupokea. Sasa njaa imerudi, magari ni machache, na walioachiwa kugawa kidogo kilichopo ni majirani wenyewe. Watagawa kwa haki au kwa upendeleo kutegemea nani yuko pale mezani. Kama huko, mwingine atakuandikia orodha.